Mlanguzi wa Tiketi Kavaa Tai

Jamani, hivi neno "mlanguzi" bado lipo au limeondoka na wazee? Sisi tuliozaliwa juzi juzi tunalisikia kwa mama zetu tu. Ukimuuliza mama yangu mzazi kuhusu mwaka 1983 atakutajia mambo mawili: foleni na walanguzi. Sukari foleni, sabuni foleni, khanga foleni, na ukifika dirishani unaambiwa imekwisha. Ukigeuka hivi, kuna bwana kwenye uchochoro anayo sukari hiyo hiyo, ila bei yake ukiisikia unashika kichwa. Ndiyo mwaka ambao marehemu Edward Sokoine, akiwa Waziri Mkuu, aliwatangazia vita wahujumu uchumi na walanguzi, mpaka watu wakawa wanamwaga mali usiku ili wasikutwe nayo.

Basi mlanguzi hajafa, bwana. Kaacha sukari, kahamia kwenye muziki. Siku hizi anauza tiketi za shoo.

Kwetu Bongo biashara hii bado iko chekechea. Wenzetu wa Marekani na Uingereza wameifikisha chuo kikuu, wameipa na digrii. Kwa hiyo mpenzi msomaji naomba twende kwanza huko, halafu tutarudi Dar, maana kuna jambo nataka tulitazame vizuri tukirudi.

Kwanza tuelewane mlanguzi anakulaje. Mwanamuziki ana ukumbi wa watu elfu kumi. Anaweka kiingilio shilingi elfu ishirini, ilhali anajua fika kuwa mjini wapo wenye uwezo wa kutoa laki bila kutikisika. Kwa nini asiweke laki? Si kwamba hajui hesabu. Anamtaka pale mbele yule kijana anayejua nyimbo zote mpaka vikohozi, yule atakayelia, atakayetoka jasho, atakayekwenda kuhadithia mtaani mwezi mzima. Na huyo mara nyingi hana laki. Sasa ule upungufu wa elfu themanini ni kama zawadi: mwanamuziki anamwambia shabiki, wewe leta muda wako na mapenzi yako, mimi nakusamehe zinazobaki. Mlanguzi anachofanya ni kupita katikati na kuichukua ile zawadi kabla haijamfikia mwenyewe. Ndiyo kazi yake yote. Hapigi gitaa, hafungi spika, hafagii ukumbi.

Na msidhani ni mambo ya juzi. Mwaka 1867 Charles Dickens, yule mwandishi wa Uingereza, alikwenda Marekani kuwasomea watu hadithi zake jukwaani. Kiingilio dola 2. Watu wakapagawa kama vile kaja staa wa leo. Mwenyewe aliandika barua nyumbani akisimulia jinsi walanguzi wa Brooklyn walivyojipanga: kila mmoja na godoro lake la majani makavu, kifurushi cha mkate na nyama, blanketi mbili na chupa ya wiski, wamelala barabarani kwenye mstari usiku kucha wakisubiri dirisha lifunguliwe asubuhi. Na baridi ya kule mnaijua kwenye sinema.

Nawachukia walanguzi, lakini hawa wa Dickens nawapa heshima kidogo. Angalau walilala nje! Foleni ilikuwa foleni. Shabiki akitaka kumshinda mlanguzi anabeba godoro lake naye. Miguu kwa miguu, usingizi kwa usingizi. Tajiri ana miguu miwili, maskini miwili.

Mambo yaliharibika foleni ilipohamia kwenye kompyuta.

Mwaka 2010 waendesha mashitaka wa New Jersey waliwafikisha mahakamani jamaa wa kampuni moja iitwayo Wiseguy Tickets. Hebu fikiria jina hilo, ni kama ufungue duka Kariakoo uandike bango "Mjanja Tiketi", halafu ushangae polisi wakija. Jamaa hawa kati ya mwaka 2002 na 2009 walinunua tiketi zaidi ya milioni moja, wakaondoka na faida ya zaidi ya dola milioni 25. Si unaijua ile picha yenye herufi zilizopinda pinda ambayo tovuti inakutaka uzisome ili kuhakikisha kwamba wewe ni mtu na si mashine? Waliajiri mafundi wa programu huko Bulgaria, wakaifanya mashine ijibu ile picha upesi kuliko jicho la binadamu. Shoo ya Bruce Springsteen ikifunguliwa asubuhi, wewe unapangusa miwani usome herufi ya kwanza, wenzako wameshatoka na viti vya mbele.

Hukumu yao? Walikiri kosa, wakapewa kifungo cha nje na kazi za kijamii. Hakuna aliyelala jela. Dola milioni 25, ndugu yangu, halafu unapewa fagio!

Marekani wakatunga sheria mwisho wa mwaka 2016 ya kupiga marufuku roboti za kununulia tiketi. Safi kabisa. Ila ilikaa kabatini mpaka Januari 2021 ndipo ikatumika mara ya kwanza. Na yaliyofuata baada ya hapo ndiyo yale ya Taylor Swift, ambayo hata huku kwetu mabinti walio na bando waliyafuatilia usiku kucha.

Ilikuwa tarehe 15 Novemba 2022. Tiketi za ziara yake ya Eras zinauzwa na Ticketmaster. Ili kuwazuia walanguzi, kampuni iliwaambia mashabiki wajiandikishe kwanza, wachunguzwe, ndipo wapewe namba ya siri ya kuingilia. Walijiandikisha watu milioni 3.5. Waliopewa namba ni kama milioni 1.5, wengine wakawekwa benchi. Siku ya siku mlango ukafunguliwa, na ile mitambo ikapigwa hodi mara bilioni 3.5. Umesoma vizuri, bilioni, kwa siku moja. Hodi hizo nyingine ni za mashabiki, nyingine za watu wasio na namba wanaobahatisha, na nyingine ni roboti. Watu walikaa foleni ya kwenye skrini saa nne, saa tano, mtu haendi chooni, halafu skrini inaganda, au anachagua kiti, anabonyeza kulipa, anaambiwa kiti kimechukuliwa na mwingine. Ziliuzwa tiketi zaidi ya milioni mbili siku hiyo, rekodi kwa msanii mmoja, na ile siku ya kuwauzia wananchi wote iliyopangwa tarehe 18 ikafutwa kabisa. Januari 2023 Baraza la Seneti likawaita wakubwa wa kampuni wajieleze. Wakasema, roboti.

Sawa, roboti. Lakini sikiliza hii. Agosti 2025 FTC, tume ya serikali ya Marekani inayowalinda walaji, iliipeleka mahakamani kampuni moja ya walanguzi ya Maryland. Inadai kuwa kwenye shoo moja tu ya Taylor Swift huko Las Vegas, Machi 2023, ambapo mtu mmoja hakuruhusiwa kuzidisha tiketi sita, jamaa walitumia akaunti 49 wakazoa tiketi 273. Mwezi uliofuata, Septemba 2025, tume hiyo hiyo ikawageukia Ticketmaster wenyewe pamoja na kampuni mama, Live Nation. Madai yake ni kwamba wanawajua walanguzi wakubwa na wanawafumbia macho. Walanguzi watano, ilisema tume, walikuwa na akaunti 6,345 na tiketi 246,407. Watano! Hata timu ya mpira wa kikapu ndiyo kwanza imetimia, hakuna wa akiba. Kampuni ilizipinga shutuma hizo.

Kwa nini muuza tiketi amfumbie macho mlanguzi? Hapa ndipo nilipokuna kichwa mpaka nikaelewa, na hesabu zangu ni za fomu foo tu. Ticketmaster anauza tiketi mara ya kwanza, anachukua ada yake. Mlanguzi anairudisha kuiuza kwenye soko la mkono wa pili, ambalo nalo ni la Ticketmaster, hapo anachukua ada kwa mlanguzi, na ada nyingine kwa shabiki anayeinunua. Tiketi moja, kiti kimoja, ada tatu. Sasa wewe ungekuwa ndiye mwenye mlango, ungemfukuza mlanguzi au ungemletea kiti akae?

Mtaani kwetu kuna jamaa anayefanya kazi hii. Jina simtaji, maana ananidai. Siku za shoo kubwa utamkuta nje ya geti na tiketi zake mfukoni, anaongea kwa pembe ya mdomo. Nilimweka kitimoto wiki iliyopita, nikamwambia, braza, wewe unatunyonya sisi vijana wenzako.

"Nakunyonya nini, mwandishi?" akanijia juu. "Hizi nimenunua kwa hela yangu. Mvua ikinyesha, ni zangu. Msanii asipotokea, ni zangu. Juzi nimebaki na kumi na moja mkononi, saa sita usiku nauza kwa nusu bei na hakuna anayetaka. Hiyo siku ulikuja kunipa pole?"

Sikumpa pole, na sitampa. Lakini ana hoja. Mlanguzi wa getini anaweza kula hasara. Ukimvizia saa tano usiku, muziki umeshaanza, analainika kama embe. Yule wa kwenye mtandao mwenye ada tatu halowi mvua. Shoo ikijaa amekula, mlanguzi akiuza kwa hasara ada yake iko pale pale. Huyu ndiye mlanguzi aliyevaa tai.

Na kuna wa tatu ambaye ananiudhi kuliko wote. Huyu ni yule mwandaaji aliyeamua kwamba badala ya kumfukuza mlanguzi, atafanya kazi yake mwenyewe.

Waulize Waingereza. Kundi la Oasis, wale ndugu wawili Liam na Noel Gallagher, walizipiga kavu kavu wakavunja kundi mwaka 2009. Agosti 2024 wakatangaza kurudi. Nchi nzima ikachanganyikiwa. Tarehe 31 Agosti watu wakaamka alfajiri, wakakaa foleni ya skrini siku nzima, na wengi walikuwa wameona kwamba tiketi ya kusimama uwanjani ni kama pauni 150. Saa zikapita. Mtu anafika mbele, jasho linamtoka, anakuta tiketi ile ile ya kusimama, pale pale kwenye nyasi, ni pauni 355. Kwa hela yetu hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja, na una dakika chache tu za kuamua, la sivyo foleni inakutema. Wengi walilipa. Wangefanyaje? Umekaa saa saba, watoto hawajala, utaondoka mikono mitupu?

Watu walipiga kelele kwamba kuna kompyuta inapandisha bei kadiri watu wanavyoongezeka. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza ikachunguza, na mwaka 2025 ikaeleza kuwa haikuona kompyuta ya namna hiyo. Kilichofanyika ni rahisi zaidi. Tiketi za kusimama ziligawanywa mafungu mawili, la rahisi likatolewa kwanza, lilipokwisha likatolewa la ghali, na wale waliokuwa foleni hawakuambiwa mapema kwamba mambo ndiyo hayo. Mama yangu nilipomhadithia akacheka sana. "Si sukari hiyo," akasema. "Dirishani imekwisha, uchochoroni ipo." Tofauti ni kwamba safari hii dirisha na uchochoro vina mwenyewe mmoja.

Kundi lenyewe lilisema mambo ya bei liliwaachia mameneja na waandaaji. Hapo wenye akili zao wanachomekea hoja moja ambayo sina budi kuijibu, kwa sababu hata rafiki yangu mmoja aliyesoma uchumi kanibana nayo. Anasema, kama tiketi kweli ina thamani ya pauni 355, ni heri hela aipate msanii kuliko mlanguzi. Hoja nzuri ukiisikia mara ya kwanza. Lakini mimi shabiki wa hali ya chini, kwangu kuna nafuu gani? Mlanguzi akichukua zawadi yangu nimeikosa. Mwenye zawadi akiamua kuirudisha mfukoni mwake nimeikosa vile vile. Aliyebadilika ni mlaji tu.

Na shabiki akiumia sana anakufa kimya. Kulikuwa na jarida moja Marekani, Backstreets, la wapenzi wa Springsteen. Lilianza mwaka 1980, likiendeshwa na watu wanaompenda yule mzee kupindukia. Mwaka 2022 tiketi za ziara yake zikauzwa kwa mtindo wa bei inayopanda na watu, nyingine zikafika maelfu ya dola. Februari 2023 jarida likaaga wasomaji wake na kufunga. Miaka zaidi ya arobaini! Hawakuchoma moto kitu, hawakuandamana, walisema tu moyo umekufa.

Si kwamba haiwezekani kufanya vingine. Robert Smith wa kundi la The Cure mwaka 2023 aliweka tiketi nyingine dola 20 tu, akakataa bei za kupanda, na mashabiki walipolalamika kwamba ada ni kubwa kuliko tiketi yenyewe akaibana Ticketmaster hadharani mpaka ikarudisha sehemu ya ada, dola 5 kwa wengine na 10 kwa wengine. Wajapani nao tangu Juni 2019 wana sheria: ukiuza tiketi kwa bei ya juu kuliko ya awali kama biashara, jela hadi mwaka mmoja au faini ya hadi yen milioni moja. Shoo zao nyingi tiketi ni bahati nasibu. Unaomba, unasubiri, ukipata umepata na jina lako limo. Uingereza nayo Novemba 2025 serikali ilitangaza mpango wa kuzuia mtu kuuza tiketi kwa zaidi ya bei aliyonunulia. Pauni 355 za dirishani, hata hivyo, mpango huo hauzigusi.

Haya, turudi nyumbani kama nilivyoahidi.

Hapa Dar utasema hayo hayatuhusu, sisi ni watu wa kulipa getini, tena dakika za mwisho, tena kwa kuomba punguzo. Ni kweli. Msanii kaandikwa saa mbili, watu wanaanza kuoga saa nne. Na siku hizi tiketi nyingi zinalipiwa kwa simu, unatumiwa namba ya siri au ile alama ya miraba miraba. Hapo nawapa tahadhari moja, hasa akina dada mnaonunuliwa tiketi na mabwana wa kwenye mtandao. Alama ile ukitumiwa kama picha, jua kwamba picha haina mwisho. Mtu mmoja anaweza kuiuza kwa watu kumi. Mashine ya getini inampitisha wa kwanza, hao tisa waliobaki inawalilia tiiit. Nimeshuhudia mwezi uliopita vijana wawili wasiojuana wakitaka kukunjana mashati getini, kila mmoja ana picha ile ile, kila mmoja anamwita mwenzake mwizi. Aliyewauzia yuko nyumbani anakula chipsi.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni meza.

Hebu kumbuka shoo kubwa ya mwisho uliyokwenda. Mbele kabisa ya jukwaa kulikuwa na nini? Meza. Zimefunikwa vitambaa vyeupe, zina ndoo za barafu, zimewekewa utepe na mabaunsa wawili wenye vifua kama friji. Hiyo ni VVIP. Nyuma yake kuna VIP, viti vya plastiki vimevalishwa sketi. Halafu uzio wa chuma. Halafu, mbali kule karibu na mama wa mishikaki, ndipo tulipo sisi wa kawaida. Kila mwaka ule uzio unarudi nyuma hatua kadhaa. Tiketi yetu haijapanda bei sana, tunashukuru. Sisi ndio tunasogezwa.

Kwa hiyo hata bila roboti, hata bila Ticketmaster, tumefika kule kule kwa njia ya panya. Msanii anapanda jukwaani, anapaza sauti, "Dar mpooo?" Mbele yake mzee mmoja mwenye kitambi anainua glasi kidogo, mkono wa pili yuko kwenye simu anapiga dili lake. Binti aliyekaa naye anajipiga picha, kaligeuzia jukwaa mgongo. Kelele anazozisikia msanii zinatoka nyuma ya uzio, mita hamsini, kwa watoto wa Temeke na Manzese walioifunga safari kwa daladala na hawajui watarudije, na ambao ndio waliousukuma ule wimbo kwenye vibanda vya kuchomea nyimbo na kwenye bajaji mpaka ukawa wimbo.

Msanii mmoja, jina kapuni, mwezi uliopita aliruka kutoka jukwaani, akazipita meza zote, akapanda juu ya ule uzio akaimba nyimbo tatu akiwa ameshikwa miguu na watu asiowajua. Mabaunsa walichanganyikiwa. Kwenye meza watu waligeuza viti ili waone.

Waandaaji mnaonisoma, natambua mna kodi za kumbi na spika za kukodi, na meza zinalipa. Ziwekeni pembeni basi. Kushoto na kulia nafasi ipo tele, na mwenye kitambi anaona vizuri tu akiwa amekaa pembeni.

Wiki ijayo, nikijaliwa, tutaongelea wanaume wanaoomba namba ya simu kwenye daladala iliyojaa. Barua zenu nimezipata, msinitumie tena.